Jumatatu za Baba Fimbo

Mtoto wa kwanza hazimi simu. Wadogo zangu wamekuwa watu wazima, mmoja ana watoto wawili, lakini mpaka leo nalala simu ikiwa wazi karibu na mto, kwa sababu kwa miaka mingi mimi ndiye niliyepigiwa wa kwanza jambo likiharibika nyumbani Tukuyu. Kwa hiyo Jumatatu ile, saa kumi na mbili asubuhi, ujumbe wa Nuala ulipoingia niliusikia. Niliogopa kuufungua. Nuala ni binti wa mdogo wake Baba Fimbo, anaishi kwao Ayalandi, na jana yake kaunti yao ilikuwa imecheza fainali ya mpira wa fimbo. Sikutaka kujua matokeo kabla sijaitazama mechi mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na Nuala anaijua. Nikaufungua ujumbe kwa jicho moja, kama mtu anayefunua sufuria inayorusha mafuta. Aliandika kwamba baba yake mkubwa amefariki Jumapili jioni, kitandani kwake, redio ikiwa pembeni. Aliisikiliza mechi yote mpaka filimbi ya mwisho. Halafu akaongeza mstari mmoja: “Sikwambii nani ameshinda. Yeye alisema wewe hutazama Jumatatu.”

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nje, mikokoteni ya wapagazi ilikuwa imeanza kugonga kwenye lami ya barabara ya Guangyuan Xilu, ile sauti ninayoijua kuliko sauti ya jogoo. Nimekaa Guangzhou, huku China, muda mrefu na nimepita miaka ya kila aina, lakini nikiulizwa ni mwaka gani ulionifanya niwe mtu niliye, nautaja mmoja tu. Ni ule mwaka nilipotazama mpira wa fimbo kila Jumatatu asubuhi, pamoja na Baba Fimbo, mzee aliyekuwa akipofuka na hakutaka mtu ajue.

Wakati huo nilikuwa nimepanga kitanda kwa Maman Béa, mama wa Lubumbashi aliyekodi nyumba ya vyumba vitatu ghorofa ya tisa na kuifanya jiko la wafanyabiashara. Chumba kimoja tulilala wanawake wanne. Cha pili alilala yeye na magunia yake ya unga. Sebule ilikuwa ndiyo hoteli. Palikuwa na meza mbili ndefu, viti vya plastiki visivyofanana, friji iliyounguruma kama ina kifua, na televisheni kubwa kupita kiasi ambayo mteja mmoja alishindwa kuisafirisha akamwachia. Mchana watu walikula fufu na sombe, kisamvu cha Kikongo, au wali na maharage kwa sisi Watanzania, huku wakisimuliana habari za kontena zilizokwama bandari ya Nansha na mizigo ya haraka iliyopitia uwanja wa ndege wa Baiyun. Mimi nilikuwa mfungaji wa marobota kwenye ghala moja la mizigo. Shule niliiacha kidato cha pili, wazazi wakiwa wametangulia na wadogo zangu watatu wakinitazama mimi, na Kiingereza changu kilikuwa kilekile nilichoachia hapo, nikakiongezea cha sokoni. Nilijua kusema bei, saizi na rangi. Nilijua kuwaita wenye maduka laoban. Na nilijua kwamba mtu akikujibu meiyou, hakuna, usipoteze muda wako pale.

Baba Fimbo jina lake hasa lilikuwa Colm. Alikuwa mkaguzi wa nguo. Wanunuzi wa kwao walimtuma kiwandani na ghalani kuangalia mishono, zipu na vifungo kabla mzigo haujafungwa, na wenye maduka walimwogopa kwa heshima kwa sababu hakuwa na hasira wala hakuwa na bei. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani, mwenye nywele nyeupe na shati la mikono mirefu hata wakati wa joto lile la mwezi wa saba. Alikula kwa Maman Béa kwa sababu, alisema, hapo ndipo mahali pekee Guangzhou ambapo mtu angeweza kupewa viazi mviringo vilivyochemshwa bila kuulizwa maswali. Maman Béa alimchemshia kila Jumatatu. Na ilikuwa Jumatatu kwa sababu ya mpira.

Nieleze mpira wenyewe, maana watu wengi wa kwetu hawaujui. Ni watu kumi na watano kila upande, kila mmoja ana fimbo ya mti mweupe iliyobapa mwishoni kama mwiko, na mpira ni mdogo, unaenea kwenye kiganja. Goli lao limesimama kama herufi H. Mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia chini wavuni ni pointi tatu. Wanaupiga ungali hewani, wanaudaka kwa mkono katikati ya fimbo zinazoruka, wanakimbia wakiubeba juu ya ncha ya fimbo kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko. Baba Fimbo alilipia kila mwaka huduma ya mtandao inayorusha mechi hizo kwa watu waliotoka kwao wakaenda mbali. Mechi zilichezwa Jumapili, saa ambayo kwetu sisi huku yeye alikwisha lala, maana macho yake yalichoka mapema. Kwa hiyo aliziacha mpaka Jumatatu. Toka Jumapili jioni alifunga simu kwenye droo. Saa moja asubuhi alipanda ghorofa tisa na kompyuta yake ndogo kwapani na waya shingoni, akaiunga kwenye televisheni ya Maman Béa, akakaa. Alitulisha kiapo sisi sote: aliyejua matokeo asiseme, asicheke, asigune.

Siku ya kwanza tuliyomkuta anatazama, Gaston ndiye aliyeanzisha ubishi. Gaston alikuwa mfanyabiashara wa viatu, naye wa Lubumbashi, mtu wa suti na marashi hata akienda kuchukua supu. Alisimama nyuma ya kiti, akatazama wale vijana wanavyopigana mabega, mmoja anatoka damu kidoleni na anaendelea, akauliza wanalipwa kiasi gani. Baba Fimbo akasema hawalipwi. Mmoja ni mwalimu, mwingine fundi umeme, yule anayetoka damu anafuga ng’ombe na kesho asubuhi atakamua.

“Habalipwi?” Gaston akanigeukia mimi, akidhani nimetafsiri vibaya. “Muulize tena. Hata ya usafiri?”

Nikauliza tena. Jibu likawa lilelile. Akaeleza pia kwamba mchezaji huchezea alikozaliwa. Kaunti ikiwa dhaifu, mtoto wa pale atacheza kwenye udhaifu huo mpaka magoti yamwishe. Sisi tulikuwa watu tuliovuka bahari kwa ajili ya tofauti ya bei kati ya jengo moja na la jirani. Kila tulichokiona tulikipindua kutafuta kibandiko chake.

“Basi ni wajinga, ao ni watakatifu,” Gaston akahukumu.

“Weye unaongea na mdomo yenye chakula,” Maman Béa akamwambia. “Kaa chini. Na weye Baba Fimbo, kula kwanza. Mpira haitakimbia.”

Jina la Baba Fimbo lilitoka kwake siku hiyohiyo, na mzee alipotafsiriwa alicheka mpaka akapangusa macho.

Nilizipenda zile mechi kwanza kwa sababu ya majani. Nikiwa ghorofa ya tisa, kwenye jiji ambalo hata mvua yake ina harufu ya plastiki, niliona kwenye kioo cha televisheni uwanja wa kijani kilichokolea, mvua ya rasharasha, ukungu umeketi mlimani nyuma ya jukwaa, watu wazima wamesimama kwenye mvua wakila mkate. Ilikuwa Tukuyu, ila bila migomba. Nilimwambia hivyo, akaniuliza kama Tukuyu mvua inanyesha kweli au ni ya kujisifu. Nikamwambia kwetu watu hawaulizani kama itanyesha, wanaulizana itaanza saa ngapi. Alifurahi sana. Kuanzia hapo kiti cha pembeni yake kikawa changu.

Ndipo nikaanza kuona. Mpira ukipita juu ya mwamba, sisi sote tunapiga kelele, yeye anafurahi baadaye kidogo, baada ya kusikia sisi. Nilidhani ni uzee. Halafu wiki moja alikuja ghalani kwetu kukagua mzigo wa suruali za jinzi, akapitisha robota zima, akaweka sahihi, na mimi niliyekuwa nimeshika utepe wa kufungia niliona mshono wa ndani ya paja umeruka, suruali baada ya suruali. Mwenye mzigo alikuwa amesimama pale anatabasamu. Sikusema kitu mbele yake. Nilimfuata Baba Fimbo mpaka kwenye ngazi, nikamwambia polepole kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili. Aliuliza ni ngapi. Nikamwambia nilizoziona. Alisimama akiwa ameshika ukingo wa ngazi, akitazama chini kama anayehesabu vipandio. Kisha akarudi, akaomba radhi, akafungua robota upya na kukagua kwa vidole, na mzigo ukakataliwa. Jioni yake alinieleza. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kwenda, la kulia linafuata, daktari amempa mwaka, pengine pungufu. Hakulalamika. Alisema kitu kimoja tu alichokuwa anakitaka kutoka kwenye jicho lililobaki: aione kaunti yake ikishinda fainali. Walishinda mara ya mwisho akiwa mtoto anayebebwa, na hakumbuki. Mwaka huo walikuwa na timu.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi mbili. Siku za kazi nilikuwa macho yake ghalani, naye akanifundisha ukaguzi, jinsi ya kuvuta mshono kwa vidole gumba viwili, jinsi ya kugeuza mfuko nje, jinsi ya kusema hapana kwa laoban bila kumdharau. Ni kazi ninayoifanya mpaka leo. Na Jumatatu nilikuwa macho yake sebuleni. Aliona wachezaji na rangi, alisema, ila mpira ulikuwa umempotea. Mimi nikawa nausema: uko kulia, ameudaka yule mwenye kofia nyekundu, ameuangusha, ameuokota, anapiga, unapanda, umepita. Mwanzoni niliona haya mbele ya watu. Baadaye watu wakawa wananidai, hata Gaston, maana nilikuwa nimejifunza kupandisha na kushusha sauti kama watangazaji wa redio. Baba Fimbo naye alijifunza neno moja la Kiswahili na kulitumia kwa kila kitu. Timu yake ikiwa nyuma alisema, “Bado.” Kile kiduara cha mtandao kikizunguka na picha kukatika, “Bado.” Maman Béa akimuuliza kama ameshiba, “Bado.” Nikimtazama, nilikuwa nafikiri, huyu mtu amepewa mwaka na anaukalia kwa heshima, kama mgeni aliyepewa kiti kizuri.

Kaunti yake ilishinda mechi baada ya mechi mwaka ule. Tulipofika nusu fainali, sebule ya Maman Béa ilijaa watu wasiojua hata Ayalandi iko wapi. Jumapili ya fainali tuliomba katika ibada yetu ya nyumbani, na Maman Béa aliomba kwa Kifaransa na Kiswahili ili Mungu asipitiwe na lolote. Mimi nililala mapema, nikakwepa kila mtu. Nilitaka nijue wakati uleule anapojua yeye.

Saa moja kasoro asubuhi nilitoka chumbani nikakuta meza zimesogezwa ukutani. Mikeka imetandikwa sakafuni. Maman Béa amejifunga kitenge cheusi kichwani na kingine kiunoni, anamimina chai ya rangi, na hapakuwa na viazi, palikuwa na mikate mikavu tu. Wanawake wa chumbani kwangu walikuwa wamekaa chini, miguu wameinyoosha. Gaston alikuwa amesimama mlangoni bila marashi, shati limechomekwa vizuri, uso umeanguka. Nikaelewa. Alikuwa amechungulia kwenye simu yake usiku, akamwambia Maman Béa, na wale watu, ambao waliapa wasiseme neno, hawakusema neno. Walifanya tu kile ambacho kwetu hufanywa mtu akipatwa na jambo zito. Walikuja kukaa naye.

Sikuwahi kufika mlangoni nimzuie. Baba Fimbo aliingia na kompyuta yake kwapani. Gaston alimshika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia. Mzee alitazama mikeka, au alitazama upande iliko mikeka. Alisikia ukimya. Akanusa kwamba hakuna viazi.

“Tumefungwa kwa ngapi?” akaniuliza.

Nilisema sijui, na ilikuwa kweli. Nikamgeukia Maman Béa.

“Miye sijasema kitu,” akajibu, akamimina chai mpaka ikafurika kikombe.

Nilidhani atakasirika. Mtu aliyengoja maisha yake yote, amefunga simu kwenye droo, amenyang’anywa mechi na watu wema waliomhurumia kabla ya wakati. Badala yake alianza kucheka. Alicheka kwa kuinama, mkono wake ukiwa bado umo ndani ya mikono ya Gaston, na Gaston naye akaanza kucheka kwa aibu, na wanawake kwenye mikeka wakaficha midomo. Kisha akapangusa macho, akaiunga kompyuta kwenye televisheni, akaketi kwenye kiti chake, akanigongea kile cha pembeni.

Nilimuuliza kama kweli anataka kutazama. Alisema, “Nisemee mpira, Tuse.”

Nikausema, dakika zote sabini. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilikuwa najua mwisho, naye anajua, na sebule nzima inajua, lakini alikaa mbele, viwiko magotini, akiuliza uko wapi sasa, nani amechukua. Walipoachwa pointi nne alisema, “Bado.” Walipopata goli na kubaki nyuma kwa pointi moja, alisimama kabisa, na nakwambia hata mimi nilisahau. Maman Béa alisahau. Gaston alipanda juu ya kiti. Dakika ya mwisho mpira ulipigwa kutoka mbali, ukapanda, ukaenda, nami nikasema unapanda, unapanda, na mzee akasema kwa sauti ndogo, “Bado, bado,” na ukapita pembeni ya nguzo kwa upana wa mkono. Filimbi. Wale vijana wakaanguka kwenye majani walipokuwa wamesimama. Hakuzima. Aliwatazama mpaka wa mwisho alipoinuka na kutoka.

Tulipokuwa tunakunja mikeka nilimuuliza kwa nini alisema bado ilhali alijua. Alifikiri, akijaribu, nadhani, kunitafutia Kiingereza chepesi.

“Wao walikuwa hawajui,” alisema. “Ningewaachaje peke yao?”

Nimeyatembeza maneno hayo mahali pengi. Niliyatembeza mwaka ule mdogo wangu Ambwene alipofeli na kuniambia nisijisumbue naye tena. Nimeyatembeza kwenye maghala, nikivuta mishono ya mzigo ambao kila mtu amekwisha ukatia tamaa. Sikuwahi kuwa na mwalimu baada ya kidato cha pili isipokuwa yeye, na sidhani kama alijua kwamba anafundisha.

Alirudi kwao kabla ya Pasaka, jicho la kulia likiwa limebakiza mwanga tu. Ile huduma ya mtandao ilikuwa ya watu walio nje, ukirudi nyumbani haifunguki kwa namna ileile, kwa hiyo aliniandikia neno la siri kwenye karatasi kwa herufi kubwa zilizopishana, akaendelea kuilipia mwaka hadi mwaka. Kwao alikuwa na redio, alikuwa na Nuala, alikuwa na kijiji kizima cha kumpigia kelele za matokeo. Lakini kila Jumatatu, kwake kukiwa alfajiri, alinipigia simu. Aliniuliza kama nimetazama. Kisha alisema nimwambie. Nikamwambia mpira ulikokuwa, kulia, kushoto, juu, naye akashtuka na kuugua mahali panapostahili, kama mtu asiyejua. Kaunti yake haikuingia tena fainali miaka yote hiyo, mpaka Jumapili ile.

Saa moja kasoro Jumatatu hiyo Maman Béa alifika kwangu akihema, siku hizi ngazi zinamshinda, na Gaston nyuma yake na chupa ya chai. Nuala alikuwa amewaandikia na wao. Walitandika mkeka bila kuniuliza. Maman Béa alikuwa na kitenge cheusi kichwani. Gaston uso umeanguka, na Gaston nimjuaye hajapata kuiacha simu bila kuchungulia. Nikamkazia macho kwa muda mrefu. Nikamkazia na Maman Béa. Walikuwa na nyuso za msiba, na kwa mara ya kwanza nyuso hizo hazikuniambia lolote kuhusu mechi.

“Miye sijasema kitu,” akasema Maman Béa, na machozi yakamtoka.

Nikaunga waya. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha pakatokea majani, na ukungu, na vijana thelathini wamesimama kwenye mvua, hawajui. Nikakaa kwenye kiti changu cha pembeni. Mwamuzi akautupa mpira katikati yao.

“Uko kushoto,” nikasema. “Ameuchukua wa kwetu.”